Mti wa Mama Mboni

Paukwa!

Pakawa!

Kiriba.

Cha mche!

Mche.

Wa Krismasi!

Aliyeupanda nani?

Sisi sote!

Aliyeutunza nani?

Ehe. Hapo mmenyamaza. Kupanda mnaitikia kwa sauti moja, kutunza mnaangalia vidole vya miguu. Haya, kaeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Na nyie wakubwa msijifanye mmesindikiza watoto tu. Hadithi hii ni yenu kuliko yao.

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima wa baridi. Asubuhi ukungu, jioni ukungu, mchana jua la kuazima. Na msiniulize ni zamani gani hiyo iliyokuwa na Krismasi na viriba vya nailoni. Ni zamani yangu. Naisimulia mimi.

Mlimani pale waliishi wanyama. Nyati alikuwa Mwenyekiti. Kima alikuwa mpiga domo wa Mwenyekiti, yule anayeshika kipaza sauti hata pasipo na kipaza sauti. Walikuwapo Nungunungu, Ngiri na Kanga. Alikuwapo Paa, mnyama mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa ya kushtuka. Na chini ya miguu yao wote, gizani, aliishi Fuko. Yeye hakuwa na macho ya kuaminika. Alikuwa na meno mawili marefu mbele, na masikio ya kusikia kila kisigino.

Sasa, mlima ule ulikuwa na mila yake. Kila nyumba ilikuwa na mti wa Krismasi. Si tawi la kukata, la. Mti wenye mizizi, uliosimama uwanjani, majani membamba kama sindano, ukiyafikicha yananukia kama ganda la limau. Siku ya Krismasi wanyama walipita mti kwa mti. Wakifika kwenye mti wako, unataja majina ya watu wa nyumba yako, walio hai na waliokufa, jina moja baada ya jingine. Na kila jina mlima mzima unaitikia, "Yupo."

Unasema, "Bibi yangu fulani." Wanasema, "Yupo."

Mti wako ukifa, nyumba yako inapitwa. Asiye na mti hataji jina. Na waliamini kwamba mtoto aliyekufa bila jina lake kuitwa hata mara moja huzunguka mlimani, mlango kwa mlango, akiuliza njia.

Mwaka huo, wakati wa kipupwe, Paa alifiwa na mwanawe. Mtoto wa kike, wa pekee, jina lake Mboni. Alikohoa siku tisa, ya kumi hakukohoa. Na nyumba ya Paa haikuwa na mti, kwa kuwa mti wa zamani ulikwisha kunyauka kabla Mboni hajazaliwa. Kwa hiyo jina la Mboni lilikuwa halijaitwa, hata mara moja.

Majirani walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Zamani walimwita Mama Mboni. Baada ya msiba waliacha. Walimwita Paa, Paa tu. Walidhani wanamhurumia.

Mvua za vuli zikaja. Mwaka huo miti ya nyumba nyingine nayo ilikuwa imenyauka, basi Siku ya Kupanda ikatangazwa. Kila nyumba ikapewa mche mmoja ndani ya kiriba cheusi cha nailoni. Paa alipokea wa kwake kwa miguu miwili ya mbele, kama anayepokea mtoto kwa mkunga.

"Huu ni wa Mboni," alisema. Hakumwambia mtu. Aliuambia mche.

Uwanja ulijaa. Nyati alikuwa amealika wageni, Pundamilia wa bondeni na ukoo wake, wamekaa mbele na mistari yao imepigwa pasi. Kima akapanda jiwe.

"Atakayemaliza kupanda wa kwanza," alisema, "ataketi karibu na Mwenyekiti kwenye pilau."

Mmesikia? Pilau. Basi mashimo yalichimbwa kwaru, kwaru, kwaru, vishimo vya kuficha yai. Na Nungunungu, ambaye angalau alikuwa na adabu ya kuuliza, akauliza, "Mwenyekiti, hivi viriba tunavitoa?"

Nyati akakohoa kidogo. Hakujua. Lakini kiongozi asiyejua hasemi sijui, anatafuta methali.

"Mche ni mtoto," alisema Nyati. "Na kiriba ndiyo nguo yake. Lini mmeona mtoto anavuliwa nguo mbele ya wageni? Pandeni na nguo zake. Sisi tuna heshima zetu."

Wanyama wakaitikia kwa vichwa. Heshima. Neno zuri hilo, linafunika mengi. Wakapanda huku wakiimba:

*Panda, panda, mgeni aone,*
*Panda, panda, mgeni aone,*
*Kesho ni mbali, mgeni aone.*

Hapo udongo ukavimba kando ya ukwato wa Mwenyekiti. Tifu. Ukavimba tena. Tifu. Kikatokea kichwa kidogo, kimejaa vumbi.

"Shikamooni, wa juu," alisema Fuko.

"Marahaba, wa chini," alijibu Nungunungu, peke yake.

"Naomba radhi kwa Mwenyekiti na wageni. Mimi sioni, lakini nimepapasa. Nguo hii haina mlango. Mzizi ukikua utagonga ukuta. Utageuka, utagonga tena. Utazunguka, utazunguka, mwisho utajikaba wenyewe. Ivueni miche, jamani. Ichimbieni mashimo mapana, mlegeze udongo. Mzizi mpya ni mguu wa kichanga, hauwezi kupasua sakafu."

Kima akaangalia wageni, akatabasamu kwa niaba ya mlima.

"Jamani, mla viazi anatupa semina ya mizizi." Kicheko. "Hebu Fuko, vile viazi vyangu vya juzi vilikwenda wapi?"

"Nilivila."

"Mmemsikia kwa kinywa chake?"

"Nilivila, sikatai. Ndiyo maana mizizi naijua. Wewe ungeweza kuvipanda miaka kumi usijue vinalalaje."

Kicheko kilizidi, ila safari hii kilikuwa cha upande mwingine, na Kima hakukipenda. Nyati akainua mkono.

"Fuko, wewe una mti?"

"Sina, Mwenyekiti. Wa chini hatukupewa miche."

"Basi asiye na mti hana neno hapa."

Mmeona hoja hiyo? Unamnyima mtu mche, kisha unamnyima neno kwa kuwa hana mche. Mkitaka kujua kichwa kinauma vipi, jadilianeni na mtu kama huyo.

Fuko akarudi chini. Tifu. Nyati akachukua kibuyu cha maji, akamwagia majani ya mti wake, chwaa, juu juu, kama anayebariki. Makofi, pa pa pa. Wakaenda kwenye pilau. Miche ikabaki uwanjani, imesimama ndani ya nguo zake za nailoni, inawaangalia migongo.

Mwezi ukapita. Vuli ikaisha. Krismasi ikapita bila majina, kwa kuwa mlimani pale mche hauitwi mti mpaka uvuke masika ya kwanza. Kiangazi kikaja, kikaketi.

Nyasi zilizoachwa zikaizunguka miche, zikanywa kila tone kabla yake. Mche wa Kanga ukawa njano. Mche wa Ngiri ukawa kahawia. Nani aliuona? Hakuna, kwa kuwa wapandaji walikwisha kupanda. Mche wa Nyati, huo, ulikauka kabla ya yote, ila haikujulikana. Kila ukikauka Kima aliung'oa, akachomeka tawi bichi lililokatwa msituni. Mwenyekiti akipita anasema, "Tazameni wangu unavyostawi." Miezi mitatu, matawi sita.

Ni Paa peke yake aliyekuja kila siku. Alikuja mchana, na kibuyu kizima, akakimwaga chwaa, akakaa kando, akauangalia mti. Alikuwa anaungoja ukue kama mtu anavyongoja jibu.

Siku moja udongo ukavimba. Tifu.

"Hodi, Mama Mboni."

Paa aliruka. Jina lile alikuwa hajalisikia tangu kipupwe.

"Usiniite hivyo."

"Kwani si wewe?"

"Mboni amefariki, Fuko."

"Najua. Nilisikia miguu yake ikipungua. Kila asubuhi alipita juu ya paa la nyumba yangu, tipu tipu tipu tipu. Nikawa naamka kwa huyo. Halafu ikawa tipu, tipu. Halafu nikasikia miguu yako tu. Pole sana, mama. Lakini umama hauachishwi kazi."

Paa aligeuza uso. Alilia kidogo, bila sauti, akijua kwamba mwenzake haoni. Fuko alisubiri. Alisikia machozi yakigonga majani makavu.

Kisha akasema, "Maji unayamwagaje?"

"Mchana. Kibuyu kizima kwa mara moja."

"Yanapita juu ya kichwa changu kama wezi, yanakwenda bondeni kwa Pundamilia. Mwagilia jua likipoa. Kidogo, ngoja yanywewe. Kidogo tena, ngoja. Si lazima kila siku, mara mbili kwa wiki yatosha, ila yafike chini. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nyasi zing'oe zote, hatua mbili kila upande. Weka majani makavu mahali pake yatunze unyevu. Ila yasiguse shina. Shina likilala na majimaji linaoza. Na hicho kijiti ulichoufungia?"

"Nimekaza kamba usianguke."

"Ilegeze. Mti usiotikiswa na upepo haujui kwa nini uote mizizi."

Paa akafanya yote. Akang'oa, akatandaza, akalegeza. Jua likipoa akamwagilia, kidogo, ngoja, kidogo, ngoja. Na Fuko chini akasikia maji yakishuka polepole, safari hii si kama wezi, ni kama wageni wanaobisha hodi.

Lakini mti haukukua. Haukufa, haukukua.

"Imebaki nguo," alisema Fuko. "Ufukue, mama. Uivue. Nusu saa tu."

Paa akarudi nyuma hatua tatu.

"Nifukue?"

"Ndiyo."

"Nimekwisha kufukia mara moja, Fuko. Siwezi kurudi kuchimba mahali nilipofukia. Usiniambie tena."

Fuko akarudi nyuma kidogo shimoni. Kisha akasema, "Haya, Mama Mboni. Usifukue."

Akashuka. Tifu. Hakusema anakwenda kufanya nini. Na hilo nalo, wadogo zangu, ni kosa. Wema usiosemwa hauna shahidi. Lakini tusimlaumu sana, maana alikuwa amekwisha kulisema mbele ya mlima mzima, na alichojibiwa ni kicheko.

Wiki ile vifusi vidogo vya udongo vikaanza kutokea kuuzunguka mti wa Paa. Tifu, upande wa mashariki. Siku ya pili tifu, upande wa kusini. Siku ya tatu tifu, upande wa magharibi. Na mti ukalegea. Majani yakainama. Ninyi mliowahi kuhamisha mche mnajua kwamba mzizi ukiguswa mti hulegea siku chache, kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Paa hakujua.

Kima akapita, anatafuna muwa.

"Dada Paa, pole."

"Pole ya nini?"

"Sasa huoni? Vifusi hivyo vya nani? Anakuja kwako na maneno matamu, maji hivi, majani vile, unamnenepeshea mti. Umeshanenepa, sasa anaula. Mimi alikula viazi. Wewe atakula mizizi, ibaki fimbo."

"Fuko hawezi."

"Hawezi? Alikiri mwenyewe mbele ya wageni, ni mla mizizi. Au masikio yako ni mapambo?"

Paa aliutazama mti. Umeinama. Alitazama vifusi. Vitatu, vibichi. Aliona Krismasi, aliona wanyama wakija, wakikaribia, wakipita. Aliona mtoto mdogo akibisha mlango kwa mlango.

"Nifanye nini?" alisema, na sauti haikuwa yake.

"Ya kawaida tu. Pilipili kichaa kavu, samadi kavu, kaa moja la moto. Mdomo wa shimo. Pulizia."

Kima mwenyewe alileta kaa kwenye kigae. Mkarimu sana huyo, ukihitaji kuharibu.

Ilikuwa mchana mweupe. Paa akaweka samadi. Akaweka pilipili. Akaweka kaa. Moshi ukapanda, mchungu, wa njano. Akachukua jani la mgomba, akapepea. Fuu. Fuu. Moshi ukageuka, ukainama, ukaingia shimoni kama mtu anayejua njia.

Kho.

Paa alisikia. Akapepea. Fuu.

Kho, kho.

Kutoka chini, mbali, sauti ikasema, "Mama Mboni, ngoja."

Paa akasita. Jani likasimama hewani.

"Atakuzungusha huyo," alisema Kima. "Pepea."

"Mama Mboni. Ngoja kidogo tu."

Na yeye, aliyeungojea mti kila siku, aliyejifunza kumwagilia kidogo, ngoja, kidogo, ngoja, siku ile hakungoja. Akapepea. Fuu. Fuu. Fuu.

Kho.

Halafu kimya.

Kima akaziba shimo kwa jiwe, akapangusa mikono. "Sasa utaona mti wako," alisema.

Na kweli. Baada ya siku nne mti ukainua kichwa. Baada ya wiki mbili ukatoa machipukizi mapya, mepesi, ya kijani cha kung'aa, kwenye kila ncha. Kima akatangaza mlima mzima. Nyati akaja kuutazama.

"Huu ndio uzalendo," alisema Nyati. "Kila nyumba ifukize fuko wake."

Wakafukiza. Mlima ukanuka pilipili. Na miti ya wengine haikupona hata mmoja, lakini nani alihesabu?

Masika yakaja na upepo wake. Upepo wa mlimani hauna adabu, hauulizi nani Mwenyekiti. Ulivuma siku mbili. Mti wa Ngiri ukaanguka, pwaa. Mti wa Kanga, pwaa. Wa Nungunungu, pwaa. Na palipokuwa pa Nyati palibaki kitundu tu, tawi lilikwisha kuruka kwenda kwa Pundamilia.

Upepo ulipotulia wanyama wakatoka. Nungunungu akauinua mti wake. Ukaja wote, mwepesi, na kiriba chake cheusi chini kama siku ile ile ya kupandwa. Akakipasua. Ndani, mizizi ilikuwa imezunguka, imezunguka, imezunguka, imekuwa kamba nene, imejifunga yenyewe shingoni.

"Alisema," alisema Nungunungu taratibu. "Alisema utajikaba."

Wakageuka wote kuutazama mti mmoja uliosimama. Mti wa Paa. Upepo uliuyumbisha siku mbili na haukuyumba zaidi ya kiasi.

"Wewe uliuvua nguo?" aliuliza Kanga.

"Hapana," alisema Paa. "Sikuuvua."

Akasimama pale. Kisha akapiga magoti. Akaanza kuchimba kando ya mti, kwa kwato zake ndogo, polepole. Yeye aliyesema hawezi kuchimba mahali alipofukia. Ilisikika kwaru, kwaru, kwaru.

Akakuta kipande cha nailoni, kimetafunwa. Akakuta kingine. Akakuta njia ndogo ya chini kwa chini, nadhifu, na ndani yake vipande vyeusi vimepangwa kando, kama mtu anayefagia nyumba asitake takataka zimguse mtoto. Upande wa mashariki kiriba hakikuwepo. Upande wa kusini hakikuwepo. Upande wa magharibi hakikuwepo. Na katika pande hizo tatu mizizi ilikuwa imetoka, myeupe, mirefu, imeshika mlima. Hakuna mzizi hata mmoja wenye alama ya jino.

Upande wa kaskazini nailoni ilikuwa bado.

Fuko alikuwa hapo. Ngozi na mifupa midogo, imejikunja. Meno mawili marefu yalikuwa yamebana nailoni, yamekwisha kuichana nusu.

Moshi ulikuja nyuma yake. Mbele yake palikuwa na njia ya kutokea, hatua mbili tu. Hakuifuata. Alikuwa amebakiza upande mmoja.

Paa alisogea karibu. Aliinama akakamata nailoni kwa meno yake mwenyewe, mahali pale pale, akamalizia kuichana. Kisha akarudisha udongo, taratibu, akaacha tundu moja wazi. Alipomaliza akakaa. Kima alikuwa akijikuna. Nyati alikumbuka kwamba ana kikao.

Miezi ikaenda. Krismasi ikaja.

Uwanja mzima ulikuwa na mti mmoja. Wanyama wakauzunguka. Waliupamba kwa manyoya ya Kanga, kwa maua mekundu, kwa maganda ya konokono. Ulikuwa umefika kifuani mwa Nyati. Ulinukia ganda la limau.

Kima akasema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, "Nyumba ya Paa. Jina."

Paa akasogea.

"Mwanangu Mboni."

"Yupo," mlima ukaitikia.

Mnajua alikuwa amelingoja neno lile tangu kipupwe cha mwaka uliopita. Alilingoja kwa njaa na kwa kukosa usingizi. Lilipokuja lilimpita kama maji ya mchana.

Nungunungu akasema kwa upole, "Hongera, Mama Mboni. Ameitwa."

"Usiniite hivyo," alisema Paa. "Kulikuwa na mmoja tu aliyeniita hivyo niliposahauliwa. Nimemfukiza mimi."

Kisha akawageukia wote.

"Nina jina la pili."

"La nyumba yako?" aliuliza Nyati. "Mila inasema watu wa nyumba yako."

"Amekufa chini ya mti wangu. Nyumba yake ni hiyo hiyo."

Nyati akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini silijui," alisema Paa. "Jina lake. Kila siku aliniita kwa jina la mwanangu. Mimi nilimwita Fuko, kama mnavyoniita Paa. Kuna anayelijua jina lake?"

Kanga alimtazama Ngiri. Ngiri alimtazama Nungunungu. Nungunungu, aliyemwitikia marahaba, akatazama chini. Kima, aliyemjua kwa viazi, hakumjua kwa jina. Mlima mzima, na hapakuwa na mmoja aliyewahi kumwuliza.

Jina lisilotajwa haliitikiwi. Ndiyo mila.

Basi Paa akainama. Akaweka mdomo kwenye lile tundu aliloliacha wazi chini ya mti. Akasema kwa sauti ya kumwambia mtu mmoja, "Hodi. Ni mimi, Mama Mboni. Nimekuja kungoja."

Akakaa pale, Krismasi nzima. Wenzake walikwenda kula, wakarudi, wakamkuta.

Inasemwa kwamba tangu mwaka ule, mlimani pale, mche haupandwi mpaka uvuliwe, hata wageni wakae wakitazama. Na baada ya kupanda, mpandaji huinama akasema hodi kwenye udongo, anyamaze kidogo, asikilize. Mimi sijui wanasikiliza nini. Nadhani na wao hawajui.

Sasa niseme la kujifunza, wazi, asije mtu akasema hakusikia. Kupanda ni kazi ya siku moja mbele ya watu. Kutunza ni kazi ya siku zote, na mara nyingi anayeifanya hana kiti, hana mche, wala hakuulizwa jina. Usimcheke anayejua chini kwa sababu wewe unakaa juu. Na kabla hujapepea moshi, ngoja. Akikuambia ngoja, ngoja.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, kwenye tundu lile chini ya mti. Anayepita asilizibe.